Riwaya za Kusomwa Sebuleni: Mapenzi na Upelelezi Bila ya Haya

Rafu ya Vitabu: maswali ya wasomaji na majibu ya mhariri

SWALI: Mhariri, salamu nyingi kutoka Jinja. Sisi ni kikundi cha wanawake, wengi wetu wauguzi na walimu, tunaokutana Jumapili alasiri kusoma pamoja. Tulianza na riwaya za mapenzi tulizonunua kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, lakini tumelazimika kufunga kitabu katikati kwa sababu mabinti zetu walikuwa wameketi nasi na ukurasa uliofuata haukusomeka kwa sauti. Baadaye tulipewa kitabu kingine tukaambiwa ni kisafi, na kweli hakikuwa na neno la aibu, ila kilikuwa majonzi matupu: mke anapigwa, mtoto anafariki, kijiji kinachomwa moto. Tunataka vitabu vya kuchangamsha, vyenye mapenzi na fumbo la kufumbua, ambavyo hatutaona haya kuvisoma mbele ya mtu yeyote. Kiingereza na Kiswahili vyote tunavisoma. Tuanzie wapi? — Mama wa Watatu, Jinja

JIBU: Mama wa Watatu, barua yako imetenganisha mambo mawili ambayo wauza vitabu huyachanganya kila siku, yaani usafi na wepesi. Kitabu kinaweza kukosa hata busu moja na bado kikamnyima msomaji usingizi, na kingine kikawa na maiti tangu sura ya kwanza lakini mkakisoma huku mnacheka. Anayewaambia kwamba kitabu fulani ni kisafi amejibu nusu ya swali tu. Muulizeni pia kinamwacha msomaji katika hali gani anapokifunga. Nitawatajia vitabu vinavyofaulu pande zote mbili kwa kadiri kubwa, na penye doa nitalionyesha, kwa sababu riwaya isiyo na doa lolote, ukiniuliza mimi, mara nyingi haina hadithi pia.

Anzeni na The No. 1 Ladies' Detective Agency ya Alexander McCall Smith, mzaliwa wa Bulawayo, iliyotoka mwaka 1998. Mhusika wake mkuu, Precious Ramotswe, anauza ng'ombe alioachiwa na marehemu baba yake na kufungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone, akisaidiwa na katibu wake, Mma Makutsi, ambaye hachoki kuwakumbusha watu kwamba alipata asilimia 97 katika mtihani wa mwisho wa chuo cha makatibu. Kesi zao nyingi hazina mauaji ndani yake: mume asiyeonekana nyumbani, baba anayetaka kujua binti yake anakutana na nani baada ya shule, na kadhalika.

Kwa kuwa wengi wenu ni wauguzi, isomeni kwa makini kesi ya mwanzo kabisa. Mwanamke mmoja mwenye kazi nzuri benki ametembelewa na mzee anayedai kuwa ndiye baba yake aliyepotea zamani. Mzee amehamia kwake, anakula, anaagiza, na hanyanyui hata kikombe. Mma Ramotswe anavaa sare ya muuguzi, anaingia mbio nyumbani humo na kumwambia mzee kwamba binti yake amepata ajali, anahitaji damu nyingi sana, na damu hiyo haina budi kutoka kwa mzazi wake, hata kama kuitoa kunaweza kumgharimu mzee mwenyewe maisha yake. Najua mtapinga utaratibu huo wa kitabibu tangu neno la kwanza, na mna haki ya kuupinga, lakini jibu la mzee sitalitoa hapa. Ndivyo kitabu kizima kilivyo: fumbo linafumbuliwa kwa kumfahamu binadamu, na mapenzi yanakuja polepole kupitia fundi wa magari, Bwana J.L.B. Matekoni, mtu mpole anayekunywa chai ya rooibos kibarazani na kushindwa kusema alichojia. Doa lake liko katika sura zinazosimulia ndoa ya kwanza ya Mma Ramotswe, ambamo kuna mume mpigaji na kifo cha kichanga, na katika kesi ya mtoto wa kiume aliyepotea ambayo inagusa mambo ya uchawi. Atakayesoma kwa sauti azipitie kurasa hizo kwanza peke yake, kisha aamue. Mkikipenda, mfululizo huo una vitabu zaidi ya 20, na vingi vinavyofuata ni vyepesi kuliko hicho cha kwanza.

Cha pili ni cha zamani, nami nakipenda kwa sababu kinawacheka wasomaji wa aina yetu. Northanger Abbey ya Jane Austen ilitolewa mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya mwandishi kufariki. Catherine Morland ana umri wa miaka 17, kichwa chake kimejaa riwaya za majumba ya kutisha, na anapoalikwa katika nyumba ya kale ya familia ya Henry Tilney, kijana anayempenda, ana hakika kwamba lazima kuna siri iliyofichwa humo. Usiku wa kwanza, mvua na upepo vikipiga madirisha, anahangaika na ufunguo wa kabati jeusi, anavuta droo moja baada ya nyingine, na mwisho anakuta furushi la karatasi lililosukumwa ndani kabisa. Kabla hajasoma hata mstari mmoja anajaribu kuupunguza utambi wa mshumaa, nao unazimika. Analala akitetemeka. Kunapokucha anazikunjua karatasi zile na kukuta hesabu za dobi: mashati, soksi na vizibao. Mapenzi na upelelezi vimo humo pamoja, na aibu pekee iliyomo ni ile anayoipata Catherine pale Henry anapogundua alichokuwa akikishuku. Sentensi ni ndefu na Kiingereza chake ni cha miaka mia mbili iliyopita, basi mwachieni mwalimu mmoja aisome sura moja kila mkutano, na msiharakishe.

Kwa wale kati yenu waliochoka kuulizwa maswali kwenye kwanjula, yaani sherehe za utambulisho wa wachumba, za wenzao, napendekeza The Blue Castle ya L. M. Montgomery, riwaya ya mwaka 1926 kutoka Kanada. Valancy Stirling ana miaka 29, hajaolewa, na ukoo wake mzima unamsema kutwa kucha. Anapata barua ya daktari kwamba moyo wake una ugonjwa na hatavuka mwaka mmoja, na tangu hapo anaacha kuwaogopa. Kuna karamu ya ukoo ambamo anaanza kuwajibu wajomba na shangazi zake, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya upole kabisa, na sijamwona bado mwanamke aliyeisoma sura hiyo akiwa amenyamaza. Baadaye Valancy mwenyewe ndiye anayemposa mwanamume, jambo ambalo litawapa mjadala wa Jumapili nzima. Fumbo lipo, ingawa hakuna mpelelezi: yule mume anayeishi msituni ni nani hasa, na kuna nini katika chumba anachokifunga? Binti mmoja katika hadithi amezaa nje ya ndoa na anakufa kwa kifua kikuu; habari yake imeandikwa kwa staha, na mabinti wakubwa wanaweza kuisikia.

Karibu na nyumbani kuna A Guide to the Birds of East Africa ya Nicholas Drayson, ya mwaka 2008, ambayo pamoja na jina lake ni riwaya ya mapenzi. Bwana Malik, mjane mwenye haya wa Nairobi, kila Jumanne asubuhi huenda kutazama ndege katika matembezi yanayoongozwa na Rose Mbikwa, naye mjane. Anataka kumwalika kwenye dansi kubwa ya mwaka, lakini anatokea Harry Khan, mwanafunzi mwenzake wa zamani, mwenye fedha na maneno matamu. Klabuni wanawekeana sharti kwamba atakayehesabu aina nyingi zaidi za ndege ndani ya wiki moja ndiye atakayepewa nafasi ya kwanza ya kumwalika Rose. Ushindani wa wazee wawili juu ya ndege umenifurahisha kuliko riwaya kadhaa za vijana wanaopigania urithi.

Na humu nchini mwetu, itafuteni Kalasanda ya Barbara Kimenye, ya mwaka 1965, pamoja na Kalasanda Revisited iliyofuata mwaka 1966. Si riwaya, ni hadithi fupi za kijiji kimoja cha Buganda, na mapenzi yamo kwa kijiko tu. Lakini hadithi ya Pius Ndawula, aliyeshinda bahati nasibu ya mpira na kuamka asubuhi akiwa na jamaa ambao hakuwahi kuwajua, pamoja na huyo binamu Sarah anayeishika nyumba yake kama aliyezaliwa humo, inafaa kusomwa siku ambayo wageni wamekuja na mnataka wabaki.

SWALI: Mhariri, asalaam alaikum. Binti yangu wa miaka 15 ameletewa na shangazi yake riwaya za Agatha Christie. Mambo ya chumbani hayamo, lakini kila kitabu kina mtu aliyeuawa. Je, ni sawa kumwambia mtoto kwamba kitabu cha mauaji ni kitabu kisafi? — Hajati, Bombo

JIBU: Wa alaikum salaam, Hajati. Kifo ni kifo, nami nisingekuomba ukichukulie kirahisi. Hata hivyo, angalia jinsi mauaji yanavyosimuliwa. Christie alifanya kazi katika duka la dawa la hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akajifunza sumu na vipimo vyake, na ndiyo maana wengi katika vitabu vyake hufa kwa kitu kilichotiwa katika kikombe, mbali na macho ya msomaji. Damu ni kidogo, mateso hayaelezwi kwa kirefu, na kurasa nyingi zilizobaki ni mazungumzo: nani alikuwa wapi saa ngapi, na nani amesema uongo juu ya jambo dogo. Binti anayezisoma anajifunza kupima maneno ya watu, na sioni ubaya wa hilo katika umri wake.

Ubaya unaweza kuwapo katika uchaguzi, kwa kuwa vitabu vya Christie havilingani uzito. Aanze na The Murder at the Vicarage, ya mwaka 1930, riwaya ya kwanza ya Miss Marple, bibi kizee mpelelezi. Anayesimulia ni kasisi wa kijiji ambaye maiti imekutwa katika chumba chake cha kusomea. Mke wake ni kijana asiyejua kupika, mtumishi wao hajui zaidi, na wanawake wazee wa jirani wanafahamu kila kinachopita barabarani. Baada ya hapo apewe The Secret Adversary, ya mwaka 1922, ambamo Tommy na Tuppence, vijana wawili waliomaliza vita bila kazi wala senti, wanaamua kutangaza gazetini kwamba wako tayari kwa kazi yoyote ya hatari. Hicho ndicho kilicho karibu zaidi na mapenzi, na mapenzi yenyewe ni ya mizaha na ya adabu.

Vifuatavyo ningevizuia kwa sasa. Hallowe'en Party, ya mwaka 1969, inaanza kwa msichana kuzamishwa katika ndoo ya maji kwenye sherehe ya watoto. And Then There Were None, ya mwaka 1939, ni fumbo lililosukwa kwa ustadi mkubwa, lakini watu kumi wanakwisha kisiwani mmoja mmoja na hakuna anayecheka. The Man in the Brown Suit, ya mwaka 1924, ingempendeza kwa safari yake ya meli hadi Rasi ya Tumaini Jema na Maporomoko ya Victoria, ila Waafrika wanazungumzwa humo kama walivyozungumzwa na wakoloni, nawe ungependa uwe karibu naye anapofika kurasa hizo. Ningekushauri, Hajati, usome kimoja kabla yake. Kama hutabaki macho hadi usiku kujua nani muuaji, nitashangaa.

SWALI: Hizi zote ni za Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nami nina wanafunzi wa kike wanaotaka riwaya za namna hiyo katika lugha ninayowafundisha. Zipo? — Mwalimu, Arua

JIBU: Zipo, Mwalimu, ingawa rafu ni fupi kuliko tunavyostahili, hasa sasa ambapo Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule zetu za msingi na sekondari na wanafunzi wataanza kuuliza maswali kama lako kwa wingi.

Upande wa upelelezi una bahati. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la miaka ya 1957 na 1958 kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na humo akamleta Bwana Msa, mpelelezi asiye na haraka, mwenye kiko mdomoni, anayefikiri wakati wengine wanakimbia. Zilifuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo. Kiswahili chake ni cha Unguja, kitamu na chenye maneno ambayo wanafunzi wako wa Arua watahitaji kamusi kuyapata, lakini mizaha kati ya Bwana Msa na rafiki yake Najum haihitaji kamusi. Usichanganye rafu hiyo na ile ya kijasusi ya Elvis Musiba, iliyoanza na Kufa na Kupona mwaka 1974: Willy Gamba ana kasi na risasi, na wasomaji wake ni waaminifu mno, lakini si kitabu cha kumpa msichana wa kidato cha pili.

Upande wa mapenzi ni mgumu zaidi. Zainab Burhani ameandika Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa, riwaya za mwanamke juu ya mapenzi, ndoa na wazazi, ambazo zina staha lakini zina machozi kuliko kicheko. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inamfuata kijana aliyelelewa Tanga anapokwenda Kenya kumtafuta baba yake. Fumbo lake ni la nasaba, na wasomaji wa rika la wanafunzi wako wanaipenda. Riwaya ya Kiswahili ya mapenzi yenye ucheshi kutoka mwanzo hadi mwisho, ya namna ya Bwana Malik na ndege zake, bado naingoja, na kama kuna mwanafunzi wako anayeandika, mpe moyo aanze na hiyo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nikienda kununua riwaya za mapenzi za Mills & Boon zilizotumika, nitajuaje ipi safi na ipi siyo? — Binti wa chuo, Mbale

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1908 na tangu mwaka 1971 iko chini ya Harlequin ya Kanada, nayo hugawa vitabu vyake katika mifululizo ambayo jina lake huandikwa juu ya jalada. Soma jina hilo kabla ya kuangalia picha. Modern, Desire na Blaze si kwa ajili yako kama unatafuta usafi. Harlequin ina mfululizo wa Love Inspired, ulioanza mwaka 1997, ambao ni wa mapenzi ya Kikristo na mlango wa chumbani haufunguliwi kabisa, na Love Inspired Suspense unaongeza hatari na upelelezi. Kasoro yake ni kwamba ukivisoma vitano mfululizo utaanza kuwachanganya wachumba. Ukikuta jalada limechanika na jina halisomeki, fungua theluthi ya mwisho ya kitabu, maana mwandishi anayekusudia kurasa za chumbani huwa amekwisha kuzifikia hapo.

Lakini kabla hujalipa, tafuta chini ya rundo kama kuna Georgette Heyer. The Talisman Ring yake, ya mwaka 1936, ina kijana anayesingiziwa mauaji, pete iliyoibwa, wafanya magendo, na wapenzi wa aina mbili: wadogo wanaotaka msisimko, na wakubwa wawili wanaowacheka wadogo hadi nao wananaswa. Uangalifu mmoja tu: The Grand Sophy, ya mwaka 1950, ambayo wengi huisifu kuliko zote, ina sura inayomdhihaki mkopeshaji fedha Myahudi kwa namna isiyopendeza.

SWALI: Hatuna fedha za kununua nakala kwa kila mwanachama. Tufanyeje? — Kikundi cha akina mama, Fort Portal

JIBU: Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 huilinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Austen alifariki mwaka 1817 na Montgomery mwaka 1942, kwa hiyo Northanger Abbey na The Blue Castle mnaweza kuzipakua bure kutoka tovuti ya Project Gutenberg bila kumdhulumu mtu, na faili ya maandishi matupu ya kila kimoja ni chini ya megabaiti moja, haitamaliza bando la yeyote. Mmoja apakue, awarushie wengine kwenye simu. McCall Smith na Drayson wako hai. Nakala zao zinunuliwe, hata kama ni moja ya kikundi kizima, na mwenzenu anayekwenda Kampala aulize duka la vitabu la Aristoc, Barabara ya Kampala, au kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Akiwa huko apite Kamwokya, ofisi za FEMRITE, chama cha wanawake waandishi wa Uganda, aulize ni vitabu gani vya wanachama wao vyenye kicheko. Wamechapisha vingi tangu miaka ya 1990, na vingi vina uzito, basi aseme wazi anachokitaka.